Kilo Ni Nini? Asili na Maana ya Kipimo Tunachokitumia Kila Siku

Hakuna siku ipitayo bila ya mtu kulitaja neno "kilo". Mama aingiapo dukani husema, "Nipimie kilo moja ya sukari." Mchuma chai akifika kwenye kituo cha kununulia majani hutazama mizani ili aone amechuma kilo ngapi tangu alfajiri. Mtoto mchanga akipelekwa zahanati hupimwa, na muuguzi huandika katika kadi yake kwamba ana kilo kadha wa kadha. Wote hao hulitumia neno moja, na wote huamini kwamba kilo ya dukani, kilo ya kituoni na kilo ya zahanati ni kilo ile ile.

Lakini tukimwuliza mtu, "Hiyo kilo yenyewe ni nini? Nani aliyeamua kwamba uzito huu ndio uwe kilo, wala usiwe mkubwa zaidi au mdogo zaidi?" wengi watashindwa kujibu. Tena wapo watakaosema kwamba swali hilo halina faida. Sisi twaona kwamba lina faida kubwa, kwa maana historia ya kilo ilianza na malalamiko ya wakulima waliokuwa wakipunjwa, na malalamiko ya namna hiyo hayajakwisha hata leo katika masoko yetu. Basi katika makala hii tutaeleza kilo ilitoka wapi, jina lake lina maana gani, jinsi ilivyotunzwa kwa miaka mingi, na jinsi maana yake ilivyobadilishwa mwaka 2019, bila ya sukari ya mama yule kupungua hata chembe moja.

VIPIMO VYA ZAMANI

Kabla ya kilo kuenea, kila nchi ilikuwa na vipimo vyake. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki nafaka haikupimwa kwa mizani, bali kwa kujaza chombo. Vibaba viwili vilikuwa kisaga kimoja, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Mithali yetu isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba ilitoka katika upimaji huo. Vitu vya thamani kubwa, kama pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, vilipimwa kwa frasila. Frasila moja ilikuwa ratili 35 au 36, yaani yapata kilo 16. Neno ratili nalo lilitoka kwa Waarabu. Na kipimo cha Waingereza kilipofika huku, watu walikiita kwa jina hilo hilo, na sehemu yake ya kumi na sita wakaiita wakia.

Vipimo hivyo havikuwa vibaya, na mtu aliyevizoea aliweza kufanya biashara yake bila shida. Walakini vilikuwa na kasoro moja kubwa. Kibaba cha mtu mmoja hakikulazimika kuwa sawa na kibaba cha mwenzake. Tena, hata chombo kikiwa kimoja, palikuwa na njia mbili za kukijaza. Mtu aliweza kukijaza kisha akafuta juu kwa kijiti, nafaka ikawa sawasawa na ukingo; pishi ya namna hiyo iliitwa pishi ya mfuto. Au aliweza kuendelea kumimina mpaka nafaka ikasimama juu ya ukingo kama kichuguu. Mwenye kununua hupenda kichuguu, na mwenye kuuza hupenda mfuto. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na mara nyingi aliyeshinda si mwenye haki, bali mwenye nguvu.

Ugomvi huo haukuwa wa kwetu peke yetu. Ulikuwako Ulaya pia, na katika nchi ya Ufaransa ulikuwa mkubwa mno. Huko ndiko kilo ilikozaliwa.

MALALAMIKO YA WAKULIMA WA UFARANSA

Katika miaka ya 1780 Ufaransa ilikuwa na mfalme mmoja, lakini vipimo vyake havikuwa na hesabu. Wapo waliokadiria kwamba palikuwa na majina ya vipimo yapata 800, na kwa kuwa jina moja lilikuwa na maana mbalimbali katika kila mji, vipimo vyenyewe vilifika 250,000. Ratili ya Paris ilikuwa yapata gramu 489, na ratili za miji ya kusini zilikuwa nyepesi kuliko hiyo. Mfanyabiashara aliyesafiri kutoka mji hata mji alipaswa kufanya hesabu upya kila alipofika.

Lakini walioumia zaidi ni wakulima. Mkulima alipaswa kumpa bwana wa ardhi sehemu ya nafaka yake kila mwaka, na chombo cha kupimia kodi hiyo kilikuwa mikononi mwa bwana mwenyewe. Bwana akikibadilisha chombo kwa kingine kilicho kikubwa kidogo, au akiamuru kwamba kijazwe mpaka kiwe na kichuguu, kodi ilipanda ingawa kwa maneno haikupanda. Mkulima aliambiwa kwamba anadaiwa vipimo kumi kama babu yake, naye hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba vipimo kumi vya leo si vipimo kumi vya jana.

Mwaka 1789 mfalme aliitisha mkutano mkuu wa nchi, na watu wa kila wilaya wakaandika madaftari ya malalamiko yao. Katika madaftari mengi waliomba jambo hili: kwamba nchi nzima iwe na uzani mmoja na kipimo kimoja. Mwaka huo huo Mapinduzi yakaanza, na mamlaka ya mabwana wa ardhi yakavunjwa. Mwaka 1790 Talleyrand, askofu aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Taifa, alitoa hoja kwamba vipimo vyote vifanywe upya.

Shauri la kwanza lilikuwa hili: kipimo kipya kitoke wapi? Wangeweza kuchukua ratili ya Paris na kuwalazimisha watu wote waifuate. Lakini watu wa miji mingine wangesema kwamba Paris inawatawala, na mataifa mengine yasingekubali kabisa. Kwa hiyo wenye elimu waliamua kwamba kipimo kisiwe cha mfalme, wala cha mji, wala cha taifa, bali kitolewe katika maumbile ya dunia, ambayo ni ya watu wote na hayabadiliki mfalme akifa.

KUTOKA MITA HATA KILO

Walianza na urefu. Walisema kwamba umbali kutoka ncha ya kaskazini ya dunia mpaka kwenye ikweta ugawanywe katika sehemu 10,000,000, na sehemu moja iitwe mita. Ili waujue umbali huo, mabingwa wawili, Delambre na Méchain, walitumwa mwaka 1792 kupima nchi kutoka Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, mpaka Barcelona katika Hispania. Kazi hiyo waliifanya wakati wa vita na machafuko, na haikumalizika mpaka mwaka 1798.

Walipokuwa na mita, uzito ulipatikana kwa njia rahisi kueleza. Chukua sanduku ambalo urefu wake, upana wake na kimo chake ni sehemu ya kumi ya mita, yaani sentimita 10 kila upande. Lijaze maji safi. Uzito wa maji hayo, bila ya sanduku, ndio kilo moja. Maji yanayojaa sanduku hilo ndiyo tunayoyaita lita moja.

Basi msomaji aweza kuikumbuka kilo kwa urahisi: lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 ambalo mama au binti hulibeba kutoka mtoni lina maji ya kilo 20, mbali na uzito wa dumu lenyewe. Na lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani moja. Mtu asiye na mizani, lakini aliye na chupa ya lita moja na ubao uliosawazishwa juu ya kigogo, aweza kukadiria kilo moja ya kitu chochote bila ya kukosea sana.

Ingawa ni rahisi kueleza, kuupima uzito huo sawasawa kulikuwa kazi ngumu. Maji hutanuka yakipata joto, hivi kwamba lita ya maji ya moto ni nyepesi kidogo kuliko lita ya maji ya baridi. Tena maji yasiyo safi yana uzito mwingine. Kazi hiyo ilianzwa na Lavoisier, bingwa mkuu wa kemia, pamoja na mwenzake Haüy. Lakini Lavoisier alikuwa pia mmoja wa wakusanyaji wa kodi za mfalme, na kwa sababu hiyo alihukumiwa na kuuawa tarehe 8 Mei 1794. Kazi ikamalizwa na Lefèvre-Gineau, Mfaransa, na Fabbroni, Mwitalia. Hao waliamua kwamba maji yapimwe yakiwa na joto la digrii 4 za sentigredi, kwa sababu hapo ndipo maji hushikamana zaidi na lita yake huwa nzito kuliko wakati wowote mwingine.

Kwa kuwa haiwezekani kila mwenye duka kupima maji kwa uangalifu namna hiyo, walitengeneza uzani wa madini ya platinamu uliokuwa sawa na uzito wa maji hayo. Tarehe 22 Juni 1799 uzani huo uliwekwa katika nyumba ya kumbukumbu ya nchi mjini Paris. Hiyo ndiyo kilo ya kwanza iliyokamilika.

MAANA YA JINA

Jina la kwanza la kipimo hiki halikuwa kilo. Sheria ya mwaka 1793 ilikiita "grave", kwa neno la Kilatini lenye maana ya "zito". Lakini sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ililiacha jina hilo, ikaweka gramu. Gramu ni neno la Kigiriki. Hapo kale lilikuwa na maana ya herufi au kitu kilichoandikwa, kisha likawa jina la uzani mdogo sana. Sheria ilisema kwamba gramu moja ni uzito wa maji yanayojaa sanduku la sentimita moja kila upande.

Lakini gramu ni ndogo mno. Uzani wa madini wenye gramu moja ungepotea upesi, na kosa dogo katika kuutengeneza lingekuwa kubwa. Kwa hiyo walipotengeneza uzani wa kuwekwa akiba, waliutengeneza wa gramu elfu. "Kilo" ni neno la Kigiriki lenye maana ya "elfu", na kilogramu maana yake ni gramu elfu. Vivyo hivyo kilomita ni mita elfu. Kwa hiyo mtu asemapo "kilo moja ya nyama" kwa kweli amesema "elfu moja ya nyama", wala hakutaja ni elfu ya nini. Lakini sisi sote tumemwelewa, na watu wa mataifa mengi hufupisha jina hilo kama sisi.

KILO ILIVYOKATALIWA, NA ILIVYOKUBALIWA

Wapo wadhanio kwamba jambo jema hukubaliwa mara moja. Haikuwa hivyo kwa kilo. Mwaka 1794 bingwa mmoja wa mimea, Joseph Dombey, alitumwa kutoka Ufaransa kupeleka Marekani mfano wa mita na uzani wa shaba wa kipimo kipya. Dhoruba iliisukuma merikebu yake mpaka visiwa vya Karibi, kisha akatekwa na mabaharia waporaji, akafa kifungoni katika kisiwa cha Montserrat. Vipimo vyake havikufika kwa wakati, na Marekani ikaendelea na ratili, ambayo watu wake huitumia madukani mpaka leo.

Hata Wafaransa wenyewe, ambao ndio waliolia kwamba wapewe kipimo kimoja, waliona taabu kuyaacha majina waliyoyazoea. Mwaka 1812 Serikali ya Napoléon iliwaruhusu wenye maduka watumie tena ratili, ila ratili hiyo iwe gramu 500 kamili. Baadaye ilipitishwa sheria mwaka 1837, na kuanzia tarehe 1 Januari 1840 vipimo vya zamani vikapigwa marufuku. Kwa hiyo ilipita miaka 40 na zaidi kabla ya kilo kushika katika nchi yake yenyewe.

Polepole mataifa mengine yaliona faida yake. Tarehe 20 Mei 1875 mataifa 17 yalitia sahihi Mkataba wa Mita mjini Paris, yakaanzisha ofisi ya vipimo ya mataifa yote katika kitongoji cha Sèvres, karibu na Paris. Kenya iliingia katika mkataba huo ikiwa mwanachama kamili mwaka 2010.

UZANI ULIOFUNGIWA KWA FUNGUO TATU

Kwa ajili ya ofisi hiyo ya Sèvres ilitengenezwa kilo mpya. Ilisubiwa London mwaka 1879 kwa platinamu sehemu 90 na iridiamu sehemu 10 katika kila mia, madini yasiyoshika kutu. Umbo lake lilikuwa kama kopo dogo, kimo chake milimita 39 na upana wake milimita 39, hivi kwamba mtu angeweza kulifumbata kwa kiganja. Mwaka 1889 mkutano wa mataifa uliamua kwamba uzani huo ndio kilo. Ukawekwa chini ya vifuniko vya kioo katika chumba cha chini ya ardhi, na ilihitajiwa funguo tatu zilizoshikwa na watu watatu mbalimbali ili kuufikia. Mataifa mengine yalipewa nakala zake, na kwa nakala hizo yalisahihisha mizani zao.

Hata ratili ya Kiingereza iliingia chini ya kilo. Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilizotumia ratili zilipatana kwamba ratili moja ni kilo 0.45359237. Tangu hapo mtu apimaye kwa ratili anapima kwa kilo bila ya kujua.

Lakini mpango huo ulikuwa na udhaifu. Kilo haikuwa tena uzito wa maji, bali ilikuwa uzito wa kipande kile cha madini, basi. Kama kipande hicho kingekwaruzwa, kwa mujibu wa sheria kisingepungua. Kingebaki kilo moja kamili, na vitu vingine vyote vya duniani vingehesabiwa kuwa vizito zaidi. Ni kama kijiji kilichokubaliana kwamba kibaba cha mzee mmoja ndicho kibaba cha haki. Kibaba hicho kikibonyea, nani atakayesema kwamba kimebonyea, ikiwa vingine vyote hupimwa kwa hicho?

Na jambo hilo likatokea. Nakala zilirudishwa Sèvres ili zilinganishwe na kilo yenyewe. Ulinganisho uliofanywa kuanzia mwaka 1988 mpaka 1992 ulionyesha kwamba, katika muda wa miaka 100, nakala nyingi zilikuwa zimeachana na kilo hiyo kwa kiasi cha sehemu 50 za milioni moja ya gramu. Chembe moja ya sukari ni nzito kuliko kiasi hicho mara nyingi. Kwa mwenye duka si kitu. Lakini mabingwa waliingiwa na wasiwasi, kwa sababu hapakuwa na njia ya kujua kama ni nakala zilizoongezeka, au ni kilo yenyewe iliyopungua.

KILO MPYA YA MWAKA 2019

Hapo mabingwa walirudi kwenye shauri la mwaka 1790, kwamba kipimo kitolewe katika maumbile. Safari hii hawakuchukua maji wala ukubwa wa dunia, bali walichukua namba iliyogunduliwa mwaka 1900 na Max Planck, bingwa wa Ujerumani. Planck aligundua kwamba nguvu za mwanga hazitoki kwa mfululizo kama maji ya mfereji, bali hutoka kwa mafungu madogo sana kama punje za mtama. Namba yake ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa punje hizo. Ni namba ndogo ajabu: andika sifuri na nukta, kisha sifuri 33, ndipo uandike 662607015. Lakini namba hiyo ni ile ile Sèvres, ni ile ile Nairobi, na ni ile ile mwezini, wala haiwezi kuibwa, kukwaruzwa au kushika vumbi.

Namba hiyo yahusianaje na uzito? Mwaka 1975 Mwingereza Bryan Kibble alibuni mizani ya namna ya peke yake. Katika mizani ya kawaida, kitu huwekwa upande mmoja na jiwe la mizani upande wa pili mpaka zikae sawa. Katika mizani ya Kibble hakuna jiwe upande wa pili. Pana waya uliozungushwa karibu na sumaku, na nguvu za umeme ndizo zinazosukuma mpaka mizani ikae sawa. Umeme huo waweza kupimwa kwa uhakika mkubwa mno, na kipimo chake kimefungamana na namba ya Planck. Kwa hiyo taifa lolote lililo na mizani hiyo laweza kuipata kilo kamili katika nyumba yake yenyewe, pasipo kwenda Sèvres kuomba funguo.

Tarehe 16 Novemba 2018 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Versailles wakakubali mpango huo, na ukaanza kutumika tarehe 20 Mei 2019, siku ile ile ya Mkataba wa mwaka 1875. Mabingwa waliichagua namba kwa uangalifu ili kilo mpya iwe sawa na ile ya zamani, na ndiyo maana hakuna mnunuzi wala mwuzaji aliyeona tofauti yoyote.

UZITO NA WINGI WA KITU

Kuna jambo moja zaidi linalowachanganya wengi. Kilo si kipimo cha uzito hasa. Ni kipimo cha wingi wa kitu chenyewe, ambao vitabu vya shule vya siku hizi huuita tungamo. Uzito ni nguvu ambayo dunia hukivuta kitu kuelekea chini. Wingi wa kitu haubadiliki kikihamishwa, lakini uzito hubadilika kidogo, kwa sababu dunia haivuti kwa nguvu zilizo sawa kila mahali. Karibu na ikweta, na katika nchi za juu, huvuta kwa nguvu pungufu kidogo.

Jambo hili lina maana kwa mtu wa soko. Mizani ya mikono miwili hulinganisha kitu na jiwe, na kwa kuwa vyote viwili huvutwa sawasawa, jibu lake ni lile lile mahali popote. Lakini mizani ya kuning'inia yenye springi hupima mvuto tu. Mizani ya springi iliyosahihishwa London, ikiletwa Nairobi bila ya kusahihishwa tena, itaonyesha gunia la kilo 90 kuwa na upungufu wa gramu 330 hivi. Hakuna aliyeiba, na hata hivyo mkulima amepunjwa. Hii ni sababu moja ya sheria kutaka mizani ya biashara ikaguliwe katika nchi inamotumika.

KILO NA GUNIA LETU

Baada ya uhuru nchi za Afrika Mashariki ziliacha ratili zikashika kilo. Alama za zamani zingali zikionekana. Gunia la mahindi la Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90. Na asiyejua hujiuliza kwa nini lisiwe 100. Sababu yake ni kwamba gunia la zamani lilikuwa ratili 200, ambazo ni kilo 90 na gramu 718. Vipimo vilipobadilishwa, gunia lilibaki lile lile, ila likahesabiwa kwa kilo.

Walakini kuwa na kilo katika sheria si sawa na kuwa nayo sokoni. Wakulima wa viazi wa Kenya wanaijua vema lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa wavu au kipande cha gunia jingine juu, likajazwa tena mpaka likawa kama mlima, na bei ikabaki ya gunia moja. Hicho ni kile kichuguu juu ya pishi, na ni chombo kile kile cha bwana wa Ufaransa. Kanuni za Serikali ya Kenya za mwaka 2019 ziliagiza kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lakini kanuni haiwezi kusimama kila shambani. Mkulima akikubali kuuza kwa gunia, ameuza kwa macho. Na macho ya mnunuzi aliyezoea kazi hiyo ni makali kuliko yake.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa wasomaji wetu, wauzaji na wanunuzi. Kwanza, uza na ununue kwa kilo. Pili, kabla kitu hakijawekwa juu ya mizani, hakikisha kwamba mshale au namba iko katika sifuri. Tatu, tazama kama mizani ina muhuri wa mkaguzi wa vipimo, na kama muhuri huo ni wa karibuni, kwa maana mizani ya biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Nne, uzito wa gunia au kikapu kitupu uondolewe katika hesabu, lakini uondolewe uzito wake wa kweli wala usizidishwe. Wakulima wasio na mizani waweza kuchanga fedha na kununua moja kwa umoja wao, na bei yake itarudi katika mavuno machache.

Tano, andika. Weka daftari, na kila uuzapo andika siku, kilo na bei, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa Ufaransa waliandika malalamiko yao katika madaftari mwaka 1789, na ombi lao la kipimo kimoja ndilo lililotuletea kilo. Sisi kilo tunayo tayari. Iliyobaki ni kuidai kila tunapofika mbele ya mizani.